Kipini cha Bibi na Hedifoni za Bei Mbaya

Hedifoni zilifika Namungo ndani ya boksi jeusi, zimelazwa kwenye kitambaa laini kama mtoto mchanga, na mtu aliyezileta alinawa mikono kabla ya kuzishika. Hilo la kunawa mikono ndilo lililonikasirisha kwanza. Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi miwili, na hakuna mtu kwenye kambi ile ya wachimbaji aliyewahi kunawa mikono kabla ya kumshika.

Niseme nilikuwa nafanya nini pale. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na mashine ya kupimia dhahabu. Ni fimbo ndefu yenye sahani chini. Unaipitisha juu ya ardhi kama unafagia bila kugusa, na ikipita juu ya kitu cha madini inalia. Mlio wenyewe hausikiki nje. Unakuja kwa waya mpaka kwenye hedifoni, masikioni mwa yule anayeisukuma. Aliyekuwa anaisukuma ni mimi.

Kilichoniingiza humo ni Kiingereza. Nilimaliza kidato cha nne Nachingwea, nikapata daraja la nne na mimba. Aliyenipa mimba alikuja na msimu wa korosho akaondoka nao. Nikarudi Mtua kwa bibi, mama yake mama, nikajifungua pale. Mama yangu alishafariki, akaniachia mikorosho thelathini na sita nyuma ya nyumba ya bibi. Hesabu yangu ilikuwa fupi: nivune, niuze, nirudie mtihani, niende ualimu. Sikuwa naomba kitu cha mtu.

Mwanangu akiwa na miezi mitatu, mjomba akaja na mashine aliyoinunua ikiwa imeshatumika, na kitabu chake cha maelekezo ya Kiingereza. Akakitupa mapajani mwangu. "Wewe si umesoma? Haya, soma."

Nikasoma. Ndilo kosa langu. Ningesema sielewi, leo ningekuwa mwalimu wa shule ya msingi mahali fulani, nalalamikia chaki. Nilielewa, nikaombwa niende Namungo wiki mbili niwafundishe wachimbaji wake. Wachimbaji walikuwa wawili. Mmoja hakuwa akiongea kabisa, na mwingine, mtu wa upande wa Masasi, alikuwa mtani wetu na alikuwa akiongea kwa niaba ya wote wawili. Wote walisema wanachosikia ni mlio tu, kama mbu. Mjomba mwenyewe masikio yake yaliharibiwa na baruti zamani. Mimi nilisikia kwamba chuma kina mlio uliochanika, na kisicho chuma kina mlio mzima. Nikasema hivyo mbele za watu. Wiki mbili zikawa miezi kumi na moja.

Siku nilipoomba kurudi Mtua, mjomba alikuwa anakula. Hakuacha kula.

"Nani alikulipia shule?"

"Ni wewe, Mjomba."

"Basi hayo masikio ni yangu."

Hakuwa anatania. Kwetu sisi mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mikorosho ilikuwa yangu, kila mtu alijua, lakini msimamizi alikuwa yeye. Mwanangu alikuwa wangu, lakini siku akiugua ruhusa ya kumpeleka hospitali ilitoka kwake. Hakuwa akipiga, hakuwa akitukana, na chakula alileta. Ndiyo maana hakuna aliyenionea huruma.

Likizo yangu ilikuwa moja. Machimboni kuna masharti, na sharti mojawapo ni kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake asisogelee shimo, dhahabu itakimbia. Kwa hiyo kambi nzima, pamoja na yule asiyeongea, ilijua kalenda yangu. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye siku zangu zikawa saba, zikawa tisa. Mtani akaniuliza kama kwa upande wetu mwezi una mbalamwezi mbili. Nikamwambia aende akamuulize mjomba. Hakwenda.

Hedifoni za zamani zilikuja na mashine. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Sponji lilishaliwa na jua, nikashonea kipande cha nepi. Waya ulizungushiwa utepe mweusi wa umeme sehemu tatu, na ukigeuza shingo haraka mlio unakatika. Jioni sikio langu la kulia lilikuwa jekundu kama limevutwa na mwalimu. Lakini zilikuwa na jambo moja zuri. Kwa sikio la kushoto, lile lililokufa, nilikuwa namsikia mwanangu. Nilimwacha kwa mama lishe mwenye banda karibu na mashimo, na akilia nilimsikia, ingawa sikuweza kwenda.

Sasa hapo ndipo kinapoingia kipini cha bibi.

Ili masikio yasisahau sauti ya dhahabu, mjomba alitaka yakumbushwe. Dhahabu tuliyokuwa tunaipata kwa kuosha udongo ilikuwa vumbi tu, na iliuzwa siku hiyohiyo. Mjomba alisema vumbi halina sauti, lazima nisikie dhahabu iliyokomaa. Akaenda Mtua akamwomba mama yake kipini cha pua. Si vile vidogo vya wasichana wa sasa. Kipini cha bibi kilikuwa kipana kama kifungo cha koti, na tangu nizaliwe sijawahi kuiona pua yake bila hicho. Bibi alisitasita. Akasema kipini si kitu cha kufukia. Mjomba akambembeleza, bibi akakivua, akatia kijiti kwenye tundu lisizibe.

Basi kila Jumamosi asubuhi kipini kinafukiwa kiganja kimoja chini, mimi napita juu yake na mashine huku na huku mpaka mjomba aseme inatosha. Na bibi alikuwa ametoa agizo lake: kila Ijumaa kisuguliwe kwa majivu na ndimu, la sivyo kinanuna. Nikakisugua kila Ijumaa. Kinatoka cheusi kidogo, kinarudi kinang'aa. Mimi niliyesoma kemia, niliyekariri kwa mwalimu mkali kwamba dhahabu haishiki kutu wala haibadiliki rangi, nilikaa na majivu na ndimu miezi kumi na moja na wazo halikunijia. Kilikuwa kipini cha bibi. Kipini cha bibi ni dhahabu, kama vile Ijumaa ni Ijumaa.

Na tulichokuwa tunakipata ardhini ni maganda ya risasi. Wengine walisema ni ya wapigania uhuru waliofanya mazoezi pande zile, wengine walisema ni ya majangili. Nasikia mlio mzima, mzuri, nasema hapa, wanachimba jasho linawatoka, linatoka ganda la shaba. Mjomba akasema tatizo ni hedifoni.

Ndipo akaitwa yule muuzaji wa boksi jeusi. Mtu mzima, tumbo mbele, viatu safi, alikuwa akizunguka machimboni na vipuri vya mashine. Alifungua boksi lake juu ya meza ya mama lishe, baada ya kunawa.

"Dada," akaniambia, "hizi si za kusikilizia muziki wa harusini. Ukizivaa hizi, ardhi inakunong'oneza."

"Ikimnong'oneza jina la mke wangu wa zamani," mtani akasema, "asinitajie."

Mjomba akauliza bei. Muuzaji hakuitamka. Aliiandika nyuma ya pakiti ya sigara akaigeuzia kwa mjomba, kama vile bei yenyewe inaona haya. Mjomba akaisoma mara mbili. Halafu akasema, akimwambia muuzaji, si mimi, kwamba Mtua kuna mikorosho thelathini na sita, na Nachingwea kuna tajiri anayekodi mikorosho kwa fedha taslimu. Misimu mitatu ingetosha.

Nilikuwa nimembeba mwanangu. Nikambadilisha bega, nikasema, "Mjomba, mikorosho hiyo ni ya mama."

"Najua ni ya nani. Alikuwa dada yangu." Kisha akamgeukia muuzaji. "Msikilizaji ni huyu. Akisema zinafaa bei yake, nachukua. Akisema hazifai, utakunywa chai uende."

Yaani hukumu nitoe mimi, na faini nilipe mimi. Nikisema zinafaa, misimu mitatu imekwenda, na mtihani, na ualimu, na nakaa Namungo mpaka mwanangu aanze kuvaa suruali ndefu. Nikisema hazifai, nakaa Namungo na zile za utepe mweusi. Nilitaka kumrushia mtu uji. Nikamkabidhi mama lishe mtoto, nikavaa.

Nitasema nilivyozikuta, maana nimewahi kusikia watu wakizisema vibaya bila kuzivaa. Zilikuwa nyepesi. Sponji lake lilikuwa na ngozi laini, halibani, linakaa kuzunguka sikio badala ya kulikalia. Waya ulikuwa mnene, unajikunja kama mkia wa nguruwe, ukigeuka haukatiki. Zina kijigurudumu cha kupandisha na kushusha sauti kila upande peke yake. Na zilipoziba masikio yote mawili, Namungo ikaondoka. Mashine za kusaga mawe zikaondoka, redio ya mpira ikaondoka, mtani akawa anafungua na kufumba mdomo kama samaki. Nikamwona mwanangu kwenye mkono wa mama lishe, mdomo wazi, machozi yanatoka, na sikusikia kitu. Kwa mama hiyo ni kasoro, nikaitia kichwani kama kasoro. Na niseme ukweli, kwa dakika chache haikuwa kasoro.

Tukaanza na kipini. Mjomba akakifukia. Nikapita, kikalia, na wallahi sijawahi kusikia kitu kama kile. Zamani kilikuwa mlio tu. Sasa kilikuwa na mwanzo, na kifua, na mwisho. Kilikuwa cha juu, chembamba, kinapiga kama kijiko kwenye glasi. Mjomba akakifukia zaidi, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kikalia vilevile. Kwa zile za zamani, kina kile ningesikia hewa tu.

Muuzaji akafurahi. Akatoa mfukoni kadi ngumu iliyogandishwa punje ya dhahabu, kubwa kama punje ya mtama, ambayo alikuwa akitembea nayo kuonyeshea wateja. Akaifukia yeye mwenyewe. Nikapita.

Haikulia juu. Ililia chini. Sauti nene, laini, kama mtu anayeguna ndani ya blanketi. Nikasimama. Nikarudi nyuma, nikapita tena. Ikaguna tena.

Nikavua hedifoni nikamwambia mtani achukue makopo manne. Atie kipini kwenye moja, punje kwenye jingine, ganda la risasi kwenye la tatu na msumari kwenye la nne, ayafukie mimi nikiwa nimegeuka. Akafanya. Nikavaa tena, nikapita, nikataja. Msumari niliupata. Punje niliipata. Kipini na ganda nilishindwa. Akabadilisha, nikarudia. Msumari nikaupata, punje nikaipata, kipini na ganda nikashindwa. Mara ya tatu vilevile. Vile viwili vilikuwa na sauti moja, kama mapacha wanaoitikia hodi.

Nikazishusha shingoni, nikainua macho nikamwona muuzaji. Alikuwa ameelewa. Alitikisa kichwa kidogo sana, kuniambia nisiseme.

Mjomba akauliza, "Haya. Zinafaa bei au hazifai?"

Nilikuwa na muda wa kudanganya. Neno moja tu, hazifai, na mikorosho yangu imepona. Lakini neno hilo lilikuwa na maana kwamba sikusikia kitu. Kwamba yale masikio yaliyonifunga pale miezi kumi na moja hata hayakuwa masikio ya maana. Nikafikiria Ijumaa zote za majivu na ndimu. Nikafikiria mwanangu analia upande wa kushoto huku sikio la kulia nimelitegea maganda ya risasi. Hasira ikanipanda toka miguuni.

"Zinafaa bei yake, Mjomba," nikasema. "Na kipini cha Bibi ni shaba."

Mtani, ambaye hakuwa na akili ya kunyamaza, akasema taratibu, "Kumbe mwaka mzima tumeichimba pua ya Bibi."

Mjomba alinijia, akanivua hedifoni shingoni kwa mikono yake miwili, polepole, akazilaza kwenye kitambaa chake, akafunga boksi. Akamwambia muuzaji kwamba chombo kinachomtukana mama yake hakiingii kwenye kambi yake. Muuzaji akasema hedifoni hazitukani, zinasikilizisha. Akashusha bei. Akaishusha tena, mpaka nusu. Hatua mia mbili kutoka pale alikaa mnunuzi wa dhahabu na chupa yake ya tindikali. Tone moja tu juu ya kipini na mjadala umekwisha, na kila mtu pale alijua. Hakuna aliyetazama upande ule.

Wakati wa kuondoka muuzaji alipita karibu yangu akisogeza boksi kwapani. "Dada, ungeniambia pembeni," akasema. Alikuwa na huzuni ya kweli.

Kwa hiyo mikorosho ilipona, na iliponywa na ukweli, jambo ambalo sikulitegemea na sikulishukuru. Mjomba hakunisemesha siku mbili. Ya tatu akanipa kipini kwenye karatasi, akasema nikirudishe Mtua na nisimwambie bibi upuuzi wangu. Mtoto abaki kwa mama lishe, ili nirudi.

Nikamkuta bibi anapepeta mahindi, kijiti puani. Hakuniuliza safari. Alikipokea kipini, akakifuta kwa kanga, akavua kijiti na kukivaa. Kisha akauliza, "Limashine limesema nini?"

Nikatazama chini. "Limesema shaba."

Akaendelea kupepeta. Bibi yangu Kiswahili chake ni cha sokoni, mambo mazito huyasema kwa Kimwera, na hili alilisema kwa Kimwera. Alisema cha dhahabu alipewa na babu, kweli kabisa. Kilikwenda shule. Mwaka mjomba alipochaguliwa kuendelea na masomo, ufuta ulikuwa umeungua na jua, basi akakiuza. Ili babu asijue, mhunzi mmoja akamtengenezea kingine kwa kitako cha risasi.

"Nilimsomesha kwa pua yangu," akasema, "na sijawahi hata siku moja kumwambia kwamba kichwa chake ni changu."

Nikasimama palepale. Nikasema narudi Namungo leo hii, nakwenda kumwambia. Nilikuwa nimeshaanza kufunga kanga upya.

"Kaa chini."

"Bibi, miezi kumi na moja."

"Ukimwambia ataona aibu. Akiona aibu atataka kuninunulia cha dhahabu." Akapuliza makapi, akainua uso kwa mara ya kwanza. "Mikorosho iliyo karibu ni ya nani?"

Nikakaa. Aibu ya mjomba wangu siku zote hulipwa na watu wengine, na bibi alijua hilo kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nikameza. Nilitoka nyuma ya nyumba nikaitembelea mikorosho mmoja mmoja, ilikuwa inaanza kutoa maua, nikaipiga kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe wake. Kesho yake nikarudi Namungo, maana mwanangu alikuwa kule.

Nikavaa zile za zamani. Mambo yakaendelea kama kwamba hakuna boksi jeusi lililowahi kufika, isipokuwa Jumamosi masikio hayakukumbushwa tena. Mjomba alisema masikio yameshazoea. Nikisikia mlio mzima, wa juu, wa kijiko kwenye glasi, nilikuwa najua ni nini. Nilisema, "Hapa, Mjomba." Akiwepo yeye mwenyewe na sururu nilisema, "Ni chini zaidi." Walichimba. Mwanangu alikuwa na kopo limejaa maganda, akilitikisa linalia vizuri. Mtani alinitazama kila ganda linapotoka, akicheka kimyakimya, na hakunichongea. Hiyo ndiyo maana ya mtani.

Asubuhi moja, maua ya mikorosho yakiwa yameshashika korosho changa, nilipita kwenye mkondo mkavu chini ya mashimo. Chini kabisa ya kelele za waya nikasikia kitu kikiguna. Nikarudi nyuma hatua moja. Kikaguna tena, au nilitaka kigune. Kwa zile mbovu huwezi kuwa na hakika, na ndiyo maana zile mpya zilistahili bei yake. Nilijua mjomba akiipata punje moja tu kubwa kama mtama, sitatoka Namungo mpaka nizeeke. Upande wa kushoto mwanangu alikuwa analia.

Mtani alisimama nyuma yangu na koleo. "Kuna kitu?"

"Msumari," nikasema, nikapita.